Kuwa Mwalimu Huku Ukiishi na Kifafa au Ugonjwa Mwingine wa Mishipa ya Fahamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na wanachuo wa ualimu, walimu wapya na wazazi wao. Yanaanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Msomaji anaelekezwa kwenye swali lenye maelezo yake. Majibu haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekutibu.

## Mambo ya msingi

1. Je, mtu mwenye kifafa au ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu anaweza kuwa mwalimu?

Ndiyo, na wengi wanafundisha. Jina la ugonjwa halitoshi kuamua jambo hili. Kinachoamua ni namna ugonjwa unavyomjia mhusika: unakuja mara ngapi, kwa dalili gani, saa zipi za siku, na unatulizwa na nini. Kati ya watu wawili wenye kifafa, mmoja anaweza kuwa anapatwa usingizini tu, na mwenzake akawa anapotewa na fahamu kwa sekunde chache mara kadhaa kwa siku. Wa kwanza huenda asihitaji mabadiliko yoyote kazini. Wa pili anahitaji mpango, na mpango huo unawezekana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila mashambulio iwapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Kwa hiyo, anayefikiria ualimu na bado anapatwa na mashambulio aanze kwa kumuuliza daktari kama tiba yake imefikia uwezo wake wote, kabla ya kujiuliza kama kazi inamfaa. Inasikitisha kuona kijana akiacha ndoto ya kufundisha kwa sababu ya mashambulio ambayo dawa nyingine, au kipimo kingine cha dawa ileile, ingeweza kuyadhibiti.

2. Ni magonjwa gani yanayozungumziwa hapa?

Ni kifafa, kipandauso, ugonjwa wa Parkinson (unaoleta kutetemeka na kupunguza wepesi wa mwili), ugonjwa wa Tourette (unaomfanya mtu atoe sauti au atikisike bila hiari), athari za kiharusi au za jeraha la kichwa, na maltipo sklerosisi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Kifafa kimepewa nafasi kubwa kwa sababu ndicho kinachozua hofu nyingi zaidi shuleni, na nyingi ya hofu hizo hazina msingi. Kwa mfano, bado wapo wanaoamini kwamba kifafa huambukizwa kwa mate au povu la mgonjwa. Hakiambukizwi kwa njia yoyote ya kugusana.

3. Ni haki gani zinazonilinda?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unakataza katika Kifungu cha 27 ubaguzi wakati wa kuajiri, kupandisha cheo na kuendelea na kazi, na unataka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Marekebisho hayo ni yale ambayo mtu anayahitaji na ambayo hayamtwishi mwajiri mzigo usiolingana na uwezo wake. Kifungu cha 24, kinachohusu elimu, kinazitaka nchi ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama au maandishi ya nukta nundu, na kinasema waziwazi kwamba miongoni mwao wawemo walimu wenye ulemavu. Mkataba huo, basi, unamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa mwanafunzi, na unamtambua pia kuwa mwalimu.

Wengi wenye kifafa au kipandauso kikali hawajioni kuwa na ulemavu, na hakuna anayeweza kuwalazimisha kujiita hivyo. Hata hivyo, sheria za nchi nyingi huuhesabu ugonjwa wa muda mrefu unaozuia shughuli za kila siku kuwa ni ulemavu. Soma sheria ya kazi ya nchi yako kabla ya kuamua kwamba haikuhusu. Chama cha walimu kwa kawaida kina mtu anayeweza kukufafanulia.

## Kusomea ualimu

4. Je, nitaje ugonjwa wangu ninapoomba nafasi chuoni?

Kama fomu inauliza moja kwa moja, jibu kwa ukweli, kwa kuwa taarifa ya uongo iliyotiwa saini inaweza kukugharimu cheti baadaye. Kama haiulizi, kwa kawaida hulazimiki kusema katika hatua hiyo.

Ukishapata nafasi, mambo hubadilika. Ninashauri kwa moyo wote kwamba umwone mshauri wa wanafunzi katika wiki za mwanzo, ukiwa na barua ya daktari, hata kama una nafuu. Muda wa ziada kwenye mtihani, chumba tulivu, au ruhusa ya kutoka na kumeza dawa huombwa kabla ya mtihani. Ombi linalokuja baada ya kushindwa husikika kama kisingizio, hata likiwa la kweli kabisa.

5. Nitamudu vipi mazoezi ya kufundisha?

Hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote, na ni vyema kukitazama kwa uwazi. Mwanachuo anashinda shuleni mchana kutwa, jioni anasahihisha madaftari, na usiku anaandika maandalio ya somo huku akihofia kukaguliwa na mkufunzi. Kinachopotea kwanza ni usingizi, na upungufu wa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya kifafa na kipandauso. Wapo wanaopatwa na shambulio la kwanza baada ya miaka ya utulivu katika kipindi hiki, kisha wakahitimisha kwamba hawauwezi ualimu, ilhali kilichowaangusha ni usiku wa kukesha.

Jitayarishe mapema. Pata azimio la kazi la shule kabla ya kwenda, na uandike maandalio ya wiki mbili za mwanzo ukiwa bado nyumbani. Omba kupangiwa shule iliyo karibu na makazi na kliniki yako. Weka saa ya kufunga vitabu usiku na uiheshimu hata kama andalio halijapendeza, kwa sababu somo la wastani linalofundishwa na mwalimu aliyelala vizuri lina manufaa kuliko andalio zuri lililo mikononi mwa mtu asiyeweza kusimama. Mweleze mwalimu mlezi mpango uliotajwa katika swali la 9. Ukipatwa na shambulio siku ya kukaguliwa, omba ukaguzi urudiwe. Alama zitolewe kwa ufundishaji wako.

6. Nichague somo gani, na nifundishe wanafunzi wa umri gani?

Chagua kwanza somo unalolipenda na kulijua, kisha ulitazame kwa jicho la usalama. Maabara ya kemia ina moto na asidi. Karakana ina mashine zinazozunguka. Bwawa la kuogelea ni hatari kwa yeyote anayeweza kupoteza fahamu ghafla. Mwenye mashambulio yasiyodhibitiwa asisimamie mambo hayo peke yake, lakini si lazima aliache somo zima: majaribio yenye moto yanaweza kufanywa na fundi wa maabara huku mwalimu akiongoza maelezo na maswali.

Kuhusu umri, darasa la watoto wadogo sana linahitaji watu wazima wawili, kwa sababu mtoto wa miaka minne hawezi kwenda kuita msaada kwa uhakika. Wanafunzi wa miaka kumi na zaidi wanaweza kufundishwa la kufanya, na hulifanya vizuri.

## Kuomba kazi

7. Je, niseme wakati wa usaili?

Hili ni swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu linategemea kama dalili zako zinaonekana. Brad Cohen, mwalimu wa Marekani mwenye ugonjwa wa Tourette, alikataliwa na shule 24 kabla ya kuajiriwa, kisha akatunukiwa katika jimbo la Georgia kwa ubora wa ufundishaji wake. Sauti zinazomtoka bila hiari zisingeweza kufichwa, naye hakujaribu kuzificha. Mwenye dalili za namna hiyo afungue mazungumzo mwenyewe mara anapoketi, kwa maneno machache: "Nina ugonjwa wa Tourette. Mtasikia sauti na kuona shingo yangu ikigeuka bila kupenda. Hauambukizi wala haugusi akili yangu, na nitafurahi kujibu maswali yenu." Baada ya hapo, arudi kwenye ufundishaji.

Mwenye ugonjwa usioonekana anaweza kusubiri mpaka apewe kazi, kisha aseme kabla ya kuanza vipindi. Kunyamaza kabisa baada ya kuajiriwa ni jambo ambalo siwezi kulipendekeza kwa mtu ambaye fahamu zake zinaweza kupotea akiwa na watoto. Walau mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa la jirani wajue.

8. Nijibu nini wakiniuliza kuhusu usalama wa watoto?

Usilichukulie kama tusi. Mzazi yeyote angeliuliza, na wewe mwenyewe ungeliuliza. Jibu kwa mambo mahususi: mara ya mwisho ulipatwa lini, hudumu kwa muda gani, unapata dalili za kukutahadharisha au la, na nani atawaangalia wanafunzi kwa dakika hizo. Mpeleke mwajiri kwenye mpango ulioandikwa, kwa sababu karatasi yenye hatua zilizo wazi huondoa hofu kuliko ahadi kwamba "hakutatokea kitu".

Kama kazi inahitaji kuendesha gari la wanafunzi, sema mapema. Nchi nyingi haziruhusu mtu mwenye kifafa kuendesha mpaka apite kipindi maalumu bila shambulio, na sharti hilo ni la haki.

## Darasani

9. Itakuwaje nikipatwa na shambulio mbele ya wanafunzi?

Tofautisha kwanza aina za mashambulio, kwa kuwa watu wengi wanaijua ile ya kuanguka tu. Liko shambulio ambalo mwalimu yuko ubaoni, chaki inasimama katikati ya neno, macho yanatazama pasipo kuona, midomo inatafuna hewa, na vidole vinachezea kifungo cha shati. Baada ya dakika moja au mbili anarejea, haelewi kwa nini darasa limenyamaza. Hapo hakuna cha kushika wala kumwagia maji. Kinachotakiwa ni mtu kukaa karibu, kumwelekeza kwa upole mbali na ngazi au moto, na kumweleza kilichotokea anapozinduka.

Kwa shambulio la kuanguka na kutikisika, hatua ni hizi: tazama saa lilipoanza, sogeza meza na viti, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, na mitikisiko ikikoma, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke na hewa ipite. Usimshikilie kwa nguvu. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi, lakini anaweza kuvunjika meno au kukujeruhi. Usimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka awe macho kabisa. Shambulio likizidi dakika 5, likifuatwa na jingine kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, ana mimba au anapumua kwa shida, itwe huduma ya dharura.

Andika hatua hizo kwenye karatasi moja, pamoja na jina la dawa zako, mtu wa kupigiwa simu, na dalili zako za kawaida. Nakala moja ikae kwenye droo ya meza ya darasani, nyingine kwa mwalimu mkuu. Wateue wanafunzi wawili, kwa mfano kiranja na msaidizi wake, ambao kazi yao ni moja tu: kwenda kumwita mwalimu wa darasa la jirani. Wanafunzi wasibebeshwe jukumu la kumtibu mwalimu. Mwalimu jirani anapofika, mmoja awatoe wanafunzi kwa utulivu, mwingine abaki.

Baada ya shambulio kubwa mwili huchoka na akili huwa nzito. Usirudi kufundisha kipindi kinachofuata ili kuonyesha ushujaa. Pumzika, na utakaporudi uwaeleze wanafunzi kwa kifupi, kwa kuwa ukimya ndio unaozaa uvumi.

10. Niwaeleze wanafunzi na wazazi kwa kiasi gani?

Waeleze kadiri ya kile wanachoweza kukiona au kukihitaji. Darasa linaloweza kushuhudia shambulio lielezwe mapema, kwa maneno yanayolingana na umri. Watoto wadogo wanahitaji kusikia mambo matatu: mwalimu haumii wakati ule, haikutokea kwa kosa la mtu yeyote, na atarudi kuwa sawa. Wakubwa watauliza maswali makali zaidi, nao wanastahili majibu ya kweli.

Wazazi hawana haki ya faili lako la hospitali. Wana haki ya kujua kwamba shule ina mpango. Ni bora mwalimu mkuu awaeleze hilo mkiwa mmekubaliana maneno.

11. Dawa zinanifanya nisahau maneno, na uchovu unanimaliza kabla ya mchana. Nifanyeje?

Mweleze daktari kwanza, na usipunguze dawa kwa uamuzi wako. Topirameti, dawa mojawapo ya kifafa, inajulikana kwa kumfanya mtu atafute maneno. Levetirasetamu, nayo dawa ya kifafa, humfanya mwingine awe na hasira za haraka, jambo ambalo mwalimu anapaswa kulijua kabla hajadhani kwamba amechukia wanafunzi. Mara nyingi kipimo kinaweza kurekebishwa.

Darasani, andika istilahi za kipindi kwenye pembe ya ubao kabla ya kuanza, ili neno likikukimbia jicho lako lilipate. Mpe mwanafunzi mmoja nafasi ya kueleza upya hoja iliyopita. Hilo ni mbinu nzuri ya kufundishia hata kwa mwalimu mwenye afya, na wewe unapata dakika ya kupumua. Omba vipindi vizito viwekwe saa ambazo mwili wako una nguvu.

Uchovu wa maltipo sklerosisi ni wa namna yake: haulingani na kazi iliyofanyika, na joto huzidisha dalili kwa muda. Chumba cha ghorofa ya chini chenye hewa ya kutosha, kiti kirefu karibu na ubao, na kutohama darasa kila kipindi ni mambo madogo kwa shule lakini makubwa kwa mwalimu huyo.

12. Sauti yangu imekuwa hafifu na mwandiko umekuwa mdogo kwa sababu ya Parkinson. Je, niache?

La, si kwa sababu hizo peke yake. Mwandiko unaopungua ukubwa kadiri mstari unavyoendelea na sauti inayofifia bila mwenyewe kugundua ni dalili zinazojulikana vyema za ugonjwa huo. Mtaalamu wa tiba ya matamshi anaweza kukufundisha kuzungumza kwa sauti kubwa kuliko unavyohisi inafaa, na mazoezi hayo husaidia sana yakifanywa kila siku. Kipaza sauti kidogo cha kuvaa na projekta huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Zingatia pia saa za dawa: levodopa, dawa ya Parkinson, ina muda wa kufanya kazi na muda wa kuisha nguvu, na kwa baadhi ya watu mlo wenye protini nyingi hupunguza ufyonzwaji wake. Pangilia dawa na vipindi pamoja na daktari wako.

13. Kipandauso kinanipata kazini karibu kila wiki.

Punguza mwanga mkali na mng'ao wa ubao, kunywa maji, usiruke mlo, na uwe na chumba cha giza cha kujilaza. Uangalie pia jambo moja linalosahauliwa na walimu wengi wanaobeba dawa mkobani: kumeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi kunaweza kuzaa maumivu mapya ya kichwa. Ukifikia hapo, muone daktari kuhusu dawa za kinga.

14. Ratiba ikivurugika wakati wa mitihani au safari, nifanyeje na dawa?

Saa ya dawa isibadilike kwa sababu ya ratiba ya shule. Tegesha kengele ya simu, na uwe na akiba ya siku kadhaa kwenye mfuko mwingine. Zamu za usiku za bweni ni jambo ambalo mwenye kifafa anayo sababu ya kutosha kuomba asipangiwe, kwa sababu iliyotajwa katika swali la 5. Jitolee kwa zamu ya mchana ili wenzako wasibebe mzigo wako.

15. Nina kifafa na ninatarajia kupata mtoto. Kuna la kufanya mapema?

Zungumza na daktari kabla ya kushika mimba. Valproati, dawa mojawapo ya kifafa, ikitumiwa wakati wa ujauzito huleta kasoro za maumbile kwa takriban mtoto 1 kati ya 10, na matatizo ya ukuaji wa akili kwa watoto 30 hadi 40 kati ya 100. Ziko dawa nyingine zenye hatari ndogo zaidi. Hata hivyo, usiache dawa ghafla, kwa kuwa mashambulio yasiyodhibitiwa ni hatari kwako na kwa mtoto.

## Hali zisizo za kawaida

16. Ugonjwa umegunduliwa nikiwa tayari mwalimu wa miaka mingi. Nianzie wapi?

Usijiuzulu katika miezi ya kwanza. Hicho ndicho kipindi ambacho dawa bado zinatafutwa na hofu iko juu, na uamuzi unaofanywa wakati huo mara nyingi hujutiwa. Omba likizo ya ugonjwa au vipindi vichache, kisha upime upya baada ya tiba kutulia. Maombi yako yawe kwa maandishi, na ubaki na nakala.

17. Sijapatwa na shambulio kwa miaka mingi. Bado niseme nina kifafa?

Kwa mujibu wa fasili iliyotolewa mwaka 2014 na Ligi ya Kimataifa Dhidi ya Kifafa, kifafa huhesabiwa kuwa kimekwisha mtu anapokaa miaka 10 bila shambulio, na miaka 5 ya mwisho bila dawa. Kabla ya hapo, uamuzi wa kuacha dawa uwe wa daktari, na usiufanye mwanzoni mwa muhula.

18. Ikiwa siwezi tena kusimama darasani, je, ualimu umekwisha?

Kuandaa mitaala, kutunga na kusahihisha mitihani, kuandika vitabu vya kiada, kufundisha mtu mmoja mmoja, kufundisha kwa njia ya mtandao na kuwalea walimu wapya ni kazi za ualimu kamili. Ziombe kama uhamisho wa majukumu chini ya haki zilizotajwa katika swali la 3, kabla hujakubali kustaafishwa.

19. Nina mwanafunzi mwenye ugonjwa kama wangu. Nimwambie?

Unaweza, ikiwa wewe uko tayari na mzazi wake anajua. Mwambie faraghani, kwa kuwa kulisema mbele ya darasa kunamfichua na yeye. Kisha msikilize zaidi ya kumsimulia. Dawa zake, vichochezi vyake na hofu zake si lazima zifanane na zako, na akihitaji mpango wa dharura, uandikwe na mzazi wake pamoja na daktari wake, kwa utaratibu uleule wa swali la 9.